Zimwi Lisilokujua na Zimwi Likujualo: Utengenezaji wa Mwendelezo katika Filamu ya Halloween II

Ikisiri

Makala hii inahakiki utengenezaji wa Halloween II, filamu ya kutisha ya Marekani iliyotolewa mwaka 1981 ikiwa mwendelezo wa Halloween ya mwaka 1978. Hoja yake ni kwamba mtunzi wa mwendelezo hukabiliwa na njia mbili: kuyafuata matokeo ya kisa cha kwanza, au kukitafutia kisa hicho chanzo kipya. Watengenezaji wa Halloween II walianza kwa njia ya kwanza, wakaiacha, wakashika ya pili. Kwa kutumia dhana ya zimwi katika ngano na methali za Kiswahili, makala inachunguza kilichopatikana na kilichopotea kutokana na uamuzi huo.

Dhana kuu: mwendelezo, taharuki, zimwi, nasaba, matokeo

1.0 Utangulizi

Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii hutumiwa aghalabu kumfariji mtu aliyeangukia mikononi mwa jamaa mkali au tajiri wake wa siku nyingi: ataumizwa, lakini kitu kitabaki. Hata hivyo, ndani yake mna fikra nzito kuhusu woga. Methali haidai kwamba zimwi likujualo ni jema. Inadai kwamba kujuana huweka mpaka, na kwa hiyo woga usio na mpaka ni ule wa zimwi lisilokujua: lisilokudai chochote, lisilojua jina lako wala la baba yako. Zimwi la namna hiyo halisemezeki. Halibembelezeki kwa sababu hakuna kinacholiunganisha nawe ila ukweli kwamba ulipita mbele yake.

Ni filamu chache zilizolikaribia zimwi hili la pili kama Halloween ya John Carpenter. Kisa chake ni chepesi. Mwaka 1963, katika mji wa kubuni uitwao Haddonfield, mtoto wa miaka sita aitwaye Michael Myers anamuua dada yake mkubwa, Judith, usiku wa tarehe 31 Oktoba, usiku ambao watoto wa Marekani huvaa vinyago na kwenda nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Miaka kumi na tano baadaye anatoroka hospitali ya wagonjwa wa akili na kurudi mjini. Mwanafunzi Laurie Strode anatumwa na baba yake kupeleka ufunguo katika nyumba ya akina Myers, ambayo imebaki tupu na inatafutiwa mnunuzi. Mtoto anayefuatana naye njiani anamwonya kwamba nyumba ile haiendewi. Laurie anacheka, anaacha ufunguo, anaondoka. Ndani, nyuma ya mlango, kuna mtu anayemtazama.

Msomaji aliyelelewa katika ngano za Kiswahili anaitambua hali hii mara moja: mtoto aliyetumwa, onyo lililopuuzwa, nyumba isiyokaribiwa. Vladimir Propp, katika uchanganuzi wake wa ngano za Kirusi uliochapishwa mwaka 1928, aliweka katazo na uvunjaji wake miongoni mwa matendo ya mwanzo kabisa ya ngano. Carpenter na mwandishi mwenzake, Debra Hill, hawakuhitaji sababu zaidi ya hiyo. Laurie alifika mlangoni, basi. Hata orodha ya waigizaji inaushika msimamo huo, kwani mvaa kinyago haitwi humo Michael, bali anatajwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya umbo tu.

Kiswahili hakijawa na istilahi moja iliyozoeleka kwa filamu za aina hii, ambamo muuaji aliyejificha uso huwaandama vijana mmoja baada ya mwingine. Hapa zitaitwa filamu za muuaji wa kisu, ingawa katika Halloween II yenyewe muuaji anatumia pia nyundo, sindano na maji ya moto. Istilahi ya pili ina uzito zaidi. Watazamaji wengi husema “sehemu ya pili” pale wahakiki wanaposema “mwendelezo”, na maneno hayo mawili hayatoi ahadi moja. Mwendelezo huahidi kwamba jambo lililoanza bado linatenda kazi. Sehemu ya pili huahidi kwamba kuna mkanda mwingine. Filamu za Kitanzania za video zilipokuwa zikiuzwa kwa wingi madukani na mikononi mwa wachuuzi, hadithi moja iliyopigwa picha kwa mara moja ilikatwa katikati na kuuzwa katika diski mbili, na mnunuzi wa ya kwanza alilazimika kurudi dukani ili ajue mwisho. Hiyo ni sehemu ya pili bila mwendelezo. Halloween II ni jambo la kinyume chake: filamu iliyotengenezwa miaka mitatu baadaye, kwa fedha nyingine na mwongozaji mwingine, ikijifanya ni diski ya pili ya usiku uleule.

2.0 Usiku Mmoja Uliochukua Miaka Mitatu

Filamu ya kwanza ilipigwa picha huko California katika majira ya kuchipua ya mwaka 1978, kwa muda wa wiki chache na kwa bajeti ya takriban dola 300,000 zilizotolewa na Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo nchini Syria, ambaye miaka miwili kabla alikuwa ameongoza The Message, filamu kuhusu siku za mwanzo za Uislamu. Uchache wa fedha unaonekana na unapendeza. Majani makavu ya vuli yalikuwa ya bandia, yakamwagwa barabarani, yakakusanywa na kumwagwa tena mbele ya nyumba nyingine. Kinyago cha muuaji kilinunuliwa dukani kwa bei ndogo: kilikuwa sura ya mwigizaji William Shatner katika nafasi ya nahodha wa Star Trek. Tommy Lee Wallace alikipaka rangi nyeupe na kuyapanua matundu ya macho, na ile sura iliyokuwa ya mtu fulani ikawa sura ya mtu yeyote. Filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 40 nchini Marekani peke yake.

Baada ya mapato hayo, suala la kuwapo au kutokuwapo kwa mwendelezo halikuwa tena la kisanaa. Carpenter hakutaka kuongoza. Wallace alipewa nafasi hiyo akaikataa. Ikamwangukia Rick Rosenthal, ambaye hakuwa ameongoza filamu ndefu kabla ya hapo. Dino De Laurentiis aliingia na mtaji, bajeti ikafika takriban dola milioni 2.5, na Carpenter na Hill wakabaki waandishi na watayarishaji. Filamu ilitoka tarehe 30 Oktoba 1981.

Uamuzi wa kwanza wa waandishi ulikuwa wa busara. Badala ya kusogea mbele mwaka mmoja au kumi, walianza dakika ileile filamu ya kwanza ilipokoma: Daktari Loomis amempiga Michael risasi, Michael ameanguka kutoka ghorofani, na penye majani alipoangukia hapana mtu. Uamuzi huu uliwatwisha mafundi kazi ngumu ya kuficha miaka mitatu. Jamie Lee Curtis alikuwa amekata nywele zake, hivyo Laurie wa mwaka 1981 amevaa nywele za bandia. Mpigapicha Dean Cundey alirudi, na ni yeye aliyeufanya usiku wa pili ufanane na wa kwanza. Kinyago kilikuwa kilekile, lakini mpira wake ulikuwa umechakaa na rangi imegeuka umanjano, na kilivaliwa sasa na Dick Warlock badala ya Nick Castle. Mtazamaji makini huona mara moja kwamba huyu si yule. Castle alitembea kama mtu anayekwenda mahali. Warlock anatembea polepole na kwa ukakamavu, kama mtu anayejua kwamba anatazamwa. Tofauti hiyo ndogo ya mwendo inaeleza mengi kuhusu kilichompata mhusika kati ya filamu hizi mbili. Mwaka 1978 alikuwa umbo; mwaka 1981 tayari ni mtu mashuhuri.

Katika nusu saa ya kwanza Rosenthal anaonyesha kwamba aliielewa kazi aliyopewa. Hospitali ya Haddonfield ina korido ndefu zenye mwanga hafifu, na muuaji anapita katika skrini ya ulinzi ambayo mlinzi haitazami. Wapo wanaolalamika kwamba hakuna hospitali iliyo tupu kiasi kile. Lalamiko hilo ni la haki lakini halina nguvu. Yeyote aliyewahi kumwuguza mgonjwa usiku anajua kwamba baada ya saa sita hospitali huwa pana kuliko ilivyokuwa mchana, na kwamba muuguzi mmoja hubeba wodi nzima. Taharuki ya sehemu hii inatokana na hilo hasa: mahali pa kuponea pamegeuka mahali pasipo na mtu wa kumwita.

3.0 Dada Aliyezaliwa kwenye Mswada

Kisha unakuja ufunuo. Loomis akiwa ndani ya gari, muuguzi Marion Chambers anamweleza habari iliyokuwa imefichwa katika faili la serikali: Laurie ni mdogo wake Michael. Alizaliwa kabla ya mauaji ya Judith, wazazi wakafariki, akalelewa na akina Strode bila kuambiwa asili yake. Kwa hiyo Michael hakumchagua kwa bahati. Amekuja kummaliza dada wa pili.

Carpenter amesimulia hadharani, zaidi ya mara moja, kwamba aliuandika mswada huo usiku, bia zikiwa kando yake, akiwa hana jambo jipya la kusema kuhusu kisa kile. Maelezo hayo yamekuwa kama mzaha miongoni mwa wapenzi wa filamu hizi, lakini mhakiki hapaswi kuyaacha yapite kama mzaha. Yanaonyesha undugu huu ulitoka wapi. Haukuchipuka ndani ya hadithi. Uliletwa kujaza kurasa.

Nasaba iliyofichwa si kosa kwa yenyewe. Fasihi ya Kiswahili inaijua vizuri. Katika Duniani Kuna Watu ya Mohamed Said Abdulla, nasaba zilizovurugika ndizo roho ya kitendawili anachokitegua Bwana Msa. Tofauti ni kwamba katika riwaya za upelelezi msomaji amealikwa tangu mwanzo kuuliza nani ni mtoto wa nani. Swali limewekwa mezani, dalili zimetawanywa, na jawabu linapokuja humlazimisha kurudi nyuma na kukisoma kisa upya kwa faida. Katika Halloween hakuna aliyewahi kuuliza Laurie ni mtoto wa nani. Jawabu limekuja kabla ya swali, na linasemwa ndani ya gari na mtu wa tatu kwa mtu wa pili. Laurie mwenyewe, ambaye habari hiyo inahusu damu yake, yuko kitandani hospitalini. Anachopata ni ndoto ya utotoni yenye vipande vya kumbukumbu. Hakuna anayemketisha na kumwambia.

Jambo hili la mwisho lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Carol Clover, aliyewapa wahakiki wa filamu hizi dhana ya msichana wa mwisho, alionyesha kwamba nguvu yao imo katika binti anayeona, anayeshuku, na hatimaye anayepigana. Laurie wa mwaka 1978 ndiye mfano wake mkuu: alipigana kwa sindano ya kufumia, kwa waya wa kutundikia nguo, kisha kwa kisu chenyewe. Laurie wa mwaka 1981 amechomwa dawa ya usingizi, anasema maneno machache, na kwa sehemu kubwa ya filamu anajikokota kwenye korido. Si bahati mbaya kwamba udhaifu huu umekuja pamoja na undugu. Alipokuwa mpita njia, uhai wake ulitegemea alichofanya. Alipogeuzwa dada, alikuwa amekwisha hukumiwa na damu yake, na matendo yake yakapungua thamani. Zipo jamii nyingi ambamo mwanamke aliyeshambuliwa huulizwa kwanza alikuwa nani kwa mshambuliaji, kana kwamba jawabu litatoa sababu. Mswada wa Halloween II unauliza swali hilohilo, na unalijibu.

Wala haukutosheka na sababu moja. Katika shule moja mjini, Loomis anaonyeshwa neno Samhain likiwa limeandikwa kwa damu ubaoni, naye anatoa mhadhara mfupi kuhusu sikukuu ya kale ya Wakelti na kafara zake. Watafiti wa lugha watatabasamu hapa, kwa sababu daktari huyu msomi analitamka neno kama lilivyoandikwa, ilhali Waairishi ambao lugha yao imelihifadhi hulitamka kwa namna isiyofanana hata kidogo na herufi zake. Kosa hilo ni dogo, lakini ni la kweli kwa roho ya mswada: neno limeokotwa kwa ajili ya kivuli chake, si kwa maana yake. Basi sasa tuna sababu ya damu na sababu ya mizimu, zote mbili kwa ajili ya mtu ambaye miaka mitatu kabla alitisha kwa kukosa hata moja.

Athari haikuishia katika filamu ya pili. Kampuni ya televisheni ya NBC ilikuwa imenunua haki za kuonyesha Halloween ya kwanza, na baada ya kukatwa yale yasiyofaa kwa televisheni filamu ikawa fupi kuliko nafasi iliyotengewa. Carpenter alipiga picha za nyongeza wakati Halloween II ikiwa katika utengenezaji, na toleo hilo lilionyeshwa Oktoba 1981, mwezi uleule wa kutolewa kwa mwendelezo. Katika nyongeza hizo Loomis anakikagua chumba ambacho Michael ametoroka, na mlangoni kumekwaruzwa neno moja: dada. Hivyo mwendelezo ulirudi nyuma na kuandika ndani ya mwili wa filamu iliyoutangulia. Fanani wa ngano hulirekebisha simulizi lake kila anapolitamba, na hakuna anayemlaumu, kwa kuwa hadhira inajua kwamba leo si jana. Filamu haina ruhusa hiyo. Inajidai kuwa kumbukumbu ya jambo lililotokea, na anayeibadili kumbukumbu hiyo anawabadilishia watazamaji walichokiona kwa macho yao.

Hata hivyo, kuna dakika moja ambapo undugu unaleta kitu chenye thamani. Karibu na mwisho, Laurie akiwa amebanwa ndani ya chumba pamoja na Loomis, anamwita muuaji kwa jina lake la kwanza. Michael anasimama. Kinyago kinainama kidogo upande mmoja. Kwa muda wa pumzi mbili filamu inaijaribu methali ya Waswahili bila kuijua: je, zimwi hili linajua? Na kama linajua, halitakula likakwisha? Kisha linaendelea kula, na Laurie anapiga risasi. Laiti mswada mzima ungetungwa kuielekea dakika hiyo, ufunuo wa garini ungesameheka. Ulivyo, dakika inapita, gesi inalipuliwa, na moto unamaliza yaliyobaki.

4.0 Damu kama Bidhaa

Kuhusu damu hakuna haja ya maneno mengi. Mwaka 1980 Friday the 13th ilitoka, ikiwa imeiga waziwazi njia ya Halloween na kuongeza mauaji yanayoonyeshwa kinagaubaga. Ilipata mamilioni, na mwendelezo wake ukaingia sokoni mwaka 1981, miezi kadhaa kabla ya Halloween II. Carpenter alipoitazama kazi ya Rosenthal katika uhariri hakuridhika, akapiga mwenyewe picha za ziada zenye damu zaidi. Filamu ya 1978 karibu haina damu. Mtazamaji hukumbuka damu ambayo hakuonyeshwa. Filamu ya 1981 inaonyesha sindano ikiingia jichoni na uso wa muuguzi ukiunguzwa ndani ya maji ya moto, na katika kila tendo kamera hukaa nukta moja kupita inavyohitajika. Hapo taharuki imebadilishwa na maonyesho. Taharuki humfanya mtazamaji aogope kwa niaba ya mhusika. Maonyesho humfanya asubiri kuona namna atakavyokufa. Ni haki kumkumbuka Rosenthal hapa, kwani filamu iliyobeba jina lake ina vipande ambavyo si chaguo lake, na wahakiki waliomlaumu kwa damu walimlaumu mtu asiyehusika.

5.0 Matokeo Yaliyoachwa Njiani

Ndani ya Halloween II kuna filamu nyingine, iliyotungwa nusu kisha ikaachwa. Hiyo inahusu mji.

Katika filamu ya kwanza Haddonfield haikujua kinachotokea. Laurie alipogonga mlango wa jirani akiomba msaada, taa iliwashwa, pazia likafunguliwa, kisha taa ikazimwa. Katika ya pili mji unaanza kujua, na filamu inaonyesha jinsi ujuzi huo unavyosambaa. Kijana aliyebeba redio anakumbana na Michael barabarani, na kutoka katika redio hiyohiyo muuaji anasikia Laurie amepelekwa hospitali gani. Hakuna tukio jingine katika filamu lililobuniwa kwa akili kiasi hiki: habari iliyokusudiwa kuwatahadharisha watu inamfikia yule anayetahadharishwa.

Umati unakusanyika mbele ya nyumba ya akina Myers na kuivurumishia mawe. Nyumba ni tupu. Imekuwa tupu kwa miaka kumi na tano. Watu wanaipiga kwa sababu yule wanayemtaka hayupo. Mtazamaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa umati huo. Amekwisha kuusikia ukipaza sauti ya “mwizi!” sokoni au stendi, na anajua kwamba mara nyingi jiwe la kwanza hutangulia swali la kwanza.

Kisha linakuja tukio la Ben Tramer. Katika filamu ya kwanza Ben hakuonekana. Alikuwa jina tu: mvulana ambaye Laurie, kwa haya, alikiri kwa rafiki yake Annie kwamba angependa kwenda naye dansi. Katika ya pili anaonekana kwa mara ya kwanza na ya mwisho, akitembea barabarani amevaa kinyago cheupe kinachofanana na cha muuaji. Loomis anamwona na kumlenga bastola. Gari la polisi linakuja kwa kasi, linamgonga na kumbana kwenye gari jingine, na moto unalipuka. Uso wake hatuuoni kamwe. Mwili umeungua kiasi kwamba inabidi ukaguliwe meno.

Katika usiku huohuo mkuu wa polisi, Leigh Brackett, anaambiwa kwamba binti yake Annie ni miongoni mwa maiti zilizopatikana. Anakwenda, anamtazama, anayafumba macho yake. Anamlaumu Loomis kwa kumwachia mtu yule, kisha anaondoka kwenda nyumbani kwake, na filamu haimwoni tena. Charles Cyphers anaigiza tukio hili bila kupaza sauti zaidi ya inavyohitajika. Pengine ni dakika mbili. Katika utanzu ambamo vijana hufa kwa makumi na wazazi hawaitwi kuja kuwatambua, dakika hizo mbili ni kitu adimu.

Tukio la Ben na tukio la Annie ni matokeo ya kweli ya kisa cha kwanza. Yanauliza maswali ambayo filamu ya kwanza isingeweza kuyauliza, kwa sababu usiku wake ulikuwa haujaisha. Je, woga unaufanyia nini mji? Daktari aliyekuwa sahihi kuhusu hatari, akawa sahihi mno hata akamlenga mtoto asiye na hatia, ana hatia gani? Loomis, kama anavyoigizwa na Donald Pleasence, angeweza kuubeba mzigo huo. Macho yake yana uchovu wa kutosha. Lakini mswada unampa mzigo mwingine, wa kusikiliza habari za nasaba ndani ya gari, na tangu hapo Ben hamhusu. Waandishi walikuwa na zimwi lisilomjua mtu na mji uliokuwa ukianza kufanana nalo. Wakaona hilo halitoshi, wakatafuta cheti cha kuzaliwa.

Historia ya baadaye ya mfululizo huu inathibitisha kwamba jeraha lilionekana. Mwaka 1982 Halloween III, iliyoongozwa na yuleyule Wallace aliyeikataa ya pili, ilimwacha Michael kabisa na kusimulia kisa kisichomhusu, watazamaji waliikataa. Mwaka 1988 Michael alirudishwa, na mpwa wake akawa windo jipya, kwa kuwa undugu ukishaanza hudai ndugu wengine. Ilipofika mwaka 2018, David Gordon Green alitengeneza Halloween inayofuata moja kwa moja ile ya 1978 na kuyafuta yote ya katikati. Ndani yake kijana mmoja anauliza kama kweli muuaji ni kaka yake Laurie, na mjukuu wa Laurie anajibu kwamba hayo ni mambo ambayo watu walijitungia. Laurie wa filamu hiyo ni mwanamke aliyezeeka akiwa na hofu, mwenye nyumba iliyogeuzwa ngome na binti aliyechoshwa naye. Alipita mbele ya mlango siku moja, na miaka arobaini haikutosha kumtoa pale. Hayo ni matokeo, na ndiyo sababu filamu hiyo ina uzito licha ya dosari zake.

Mwaka 2021 Green huyohuyo, katika Halloween Kills, aliurudisha umati. Watu wa Haddonfield wanajaa hospitalini, wanapaza sauti kwa pamoja, wanamkimbiza mgonjwa mwingine aliyetoroka wakidhani ni Michael, na mtu huyo anajirusha dirishani na kufa. Ni kisa cha Ben Tramer kilichotolewa shimoni baada ya miaka arobaini. Kwa bahati mbaya filamu hiyo inalipigia kelele lile ambalo Rosenthal alilionyesha kwa gari moja na moto mmoja. Wahusika wanaeleza maana ya umati wakiwa bado ndani yake, na mtazamaji haachiwi cha kufikiri. Hata hivyo inamtendea mfu wake haki moja ambayo ile ya 1981 haikumtendea wake: wanaolaumika wanasimama juu ya mwili na kuutazama.

Ben hakutazamwa. Baada ya moto wake jina lake linatajwa kwa kupita, wenzake wanapomtafuta, na filamu inarudi hospitalini kushughulika na dada. Asubuhi inapofika Laurie anatolewa nje na kupandishwa kwenye gari la wagonjwa, na wimbo mtamu wa miaka ya 1950 unaanza kupigwa. Anatazama mbele. Hajaambiwa nani aliungua barabarani.